Mlango wa Kisiwa



Mtu atokaye Bagamoyo mjini kwenda Makurunge huiacha bahari nyuma yake. Hushika barabara ya Msata, huuvuka mto Ruvu darajani, kisha hukutana na njia ya mkono wa kuume iendayo Saadani na Pangani. Nchi hii imekaa kati ya mito miwili, Ruvu upande wa kusini na Wami upande wa kaskazini. Na siku hizi mgeni huona miwa mingi mahali ambapo zamani palikuwa malisho na pori. Mgeni huyo aweza kudhani ya kuwa watu wa huku hawana shauri na visiwa. Lakini sivyo. Ardhi kubwa ya Makurunge ilijulikana kwa jina la RAZABA, maana yake Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, na ng'ombe walifugwa hapa kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya maji. Unguja iko mbali na pwani ya Bagamoyo yapata kilometa 40 tu, na watu wa bara na wa visiwani wameoana na kufanya biashara tangu kale.

Basi si ajabu kwamba waalimu wetu, na viongozi wa kwaya na wa shule za Jumapili, hupenda kuwachukua watoto wakavione visiwa. Lakini mara wanapoanza kuuliza habari za safari, huambiwa: hapa pana ada ya kuingia, pale yatakiwa kibali, kule hakuendeki ila kwa kuagiza nafasi mbele. Ndipo wengine hunung'unika wakisema, "Je, bahari si ya Mungu? Nani awezaye kuufunga mchanga wa pwani?" Swali hilo si baya, nalo lastahili jibu. Ndilo jambo tupendalo kulieleza mwezi huu, tukisafiri pamoja kisiwa kwa kisiwa.

VISIWA VILIVYO KARIBU

Tuanze na vile vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam. Mbele ya Kunduchi kiko kisiwa cha Mbudya, na mbele ya Msasani kiko Bongoyo. Pamoja navyo viko Pangavini na Fungu Yasini. Hivi vinne vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 ikaviweka chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Hakuna kijiji katika visiwa hivi. Mgeni hupanda mashua, hulipa ada ya hifadhi, hukaa mchana kutwa chini ya vivuli, huogelea, huwatazama samaki wa rangi nyingi kati ya matumbawe, na jioni hurudi nyumbani. Huko Mbudya wako hata wale kaa wakubwa ajabu wajuao kupanda miti.

Kwa nini basi alipe ada na kushika masharti? Sababu ni hii. Tumbawe si jiwe, bali ni kazi ya viumbe wadogo sana, wajengao nyumba zao pole pole. Yako matumbawe makubwa ya mviringo yasiyoongezeka zaidi ya sentimeta moja au kupungua katika mwaka mzima. Tumbawe lenye ukubwa wa kitanda laweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu wa mwenye kulitazama. Katika miamba ya Dar es Salaam wako watu waliovua kwa baruti. Na baruti moja huyavunja katika nukta moja yale yaliyojengwa kwa miaka mia. Samaki wakubwa huokotwa siku ile. Wadogo hufa wote. Na kesho mvuvi mwaminifu, asiye na baruti, hutupa wavu wake akapata maji matupu. Tena nanga ikitupwa ovyo huvunja, na mguu wa mtu akanyagaye tumbawe huvunja. Watu kumi hawatambui walichovunja. Lakini watu elfu kumi, kila mmoja akivunja kidogo, huacha jangwa chini ya maji.

Sasa tusafiri kaskazini kwa ile njia ya Makurunge, tupite Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo mipaka yake yafika baharini. Huko katika ufuo wa Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai. Kasa jike hutaga yapata mayai mia katika shimo moja, kisha huyafunika na kwenda zake. Naye hakuanza kutaga ila baada ya kuishi baharini miaka ishirini au zaidi. Mtu achimbaye mayai hayo hawi kama yule aokotaye mayai ya kuku, maana kuku hutaga tena mwezi huu huu.

Mbele zaidi, karibu na Pangani, kiko kisiwa cha Maziwe. Nacho kilifanywa hifadhi mwaka 1975, kwa maana kilikuwa na miti, na kasa wengi walikipenda. Lakini miti ile ikaisha, mawimbi yakala mchanga, hata Maziwe ikabaki fungu tu ambalo maji makuu hulifunika. Kasa wangali wanapanda hapo kama walivyozoea, na watu wa pwani ya Ushongo wamekuwa wakiyahamisha mayai kuyaleta bara yasizamishwe. Natuyatie hayo moyoni: sheria iliandikwa, na kisiwa kikaondoka vile vile. Karatasi peke yake haizuii bahari. Yatakiwa na mikono ya watu wanaopenda kile kilichoandikwa.

CHUMBE NA MAFIA

Kusini ya mji wa Zanzibar kiko kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi. Hapo mtu haendi ghafula. Sharti aagize nafasi mbele, maana nyumba za wageni ni saba tu, zilizoanza kupokea watu mwaka 1998. Mwamba wa upande wa magharibi umefungwa kabisa, hapana ruhusa ya kuvua. Lakini upande wa mashariki wavuvi huendelea na kazi yao. Nao walinzi wa kwanza wa mwamba ule walitoka katika wavuvi wenyewe, wakafundishwa kazi ya kulinda na kuwaongoza wageni. Ada za wageni wa mbali husaidia safari za watoto wa shule za Zanzibar, wapelekwao Chumbe kujifunza habari za bahari. Wengi wao wamezaliwa pwani, wala hawajapata kuona tumbawe lililo hai mpaka siku ile.

Mafia ni namna nyingine. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, nayo ndiyo ya kwanza ya cheo hicho katika Tanzania Bara. Haikuwekwa mahali pasipo watu. Vijiji vimo ndani yake, pamoja na kisiwa cha Chole na vinginevyo. Mgeni hulipa langoni Utende. Mwenyeji hukaa kwake na kuvua, lakini kwa kanuni: nyavu za namna fulani zimekatazwa, na sehemu nyingine za bahari zimefungwa hata kwake. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, nasi hatupendi kuupita kana kwamba haupo. Ni rahisi kumwambia mtalii asiguse tumbawe. Yeye ana chakula hotelini. Ni vigumu kumwambia baba wa watoto sita asivue mahali alipovua baba yake.

Katika Maandiko tunaye Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme alilitamani, barua zikaandikwa kwa muhuri wa mfalme, mambo yote yakafanywa kwa sura ya sheria, na mwenye shamba akauawa. Muhuri peke yake haukulifanya neno lile kuwa haki. Kwa hiyo Mkristo asiseme ya kuwa kila kizuizi ni chema kwa sababu kimetoka ofisini. Wala asiseme ya kuwa kila kizuizi ni dhuluma kwa sababu kinamkera. Na aulize maneno matatu. La kwanza: je, mlango huu unamlinda aliye mnyonge, awe mtu, au kiumbe, au wale watakaozaliwa baadaye? La pili: je, umefungwa kwa mkubwa na mdogo sawasawa, au maskini hufukuzwa ili tajiri apate pwani yake peke yake? La tatu: je, fedha zikusanywazo mlangoni zina stakabadhi na hesabu, na wenyeji huona faida yake? Mlango ujibuo vema maswali hayo matatu tuuheshimu kwa moyo. Usiojibu vema, tuusemee barazani na mbele ya wakubwa kwa adabu na bila hofu. Lakini tusiuvunje usiku.

BANDARI BUBU

Neno hilo la usiku latuleta kwetu wenyewe. Mwambao wa Bagamoyo una vituo vidogo vidogo ambavyo watu huviita bandari bubu. Ni bubu kwa sababu hazisemi: hazina ofisi ya forodha, wala daftari, wala mtu wa kuandika ni nani aliyeondoka na ni nani aliyefika. Vyombo hutoka huko kwenda Unguja na kurudi, vikichukua mizigo na pengine watu. Mtu husema, "Nauli ni ndogo, tena sisi sote ni wa nchi moja, nipande bandari kubwa kwa nini?"

Kwa kweli nchi ni moja tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Hata hivyo afikaye Zanzibar kwa njia ya bandari huona ya kuwa hati za wageni wa nchi za nje hutazamwa tena, ijapokuwa zimekwisha tazamwa Dar es Salaam. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni hao hutakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo iliwekwa kuwa dola 44 kwa mtu mzima. Msafiri mwenyeji hana haja ya bima hiyo. Lakini tikiti yake yataka jina lake, naye yampasa kuchukua kitambulisho. Watu huliona jambo hili la majina kuwa usumbufu mtupu. Na tukumbuke basi yaliyotupata.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, wala majina ya wote hayakuwamo katika orodha. Watu walikufa kwa mamia. Wala mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na Chumbe, na watu wengi wakapotea tena. Yule ambaye jina lake liliandikwa, jamaa zake walijua wamlilie nani na wamtafute wapi. Yule ambaye jina lake halikuandikwa, mama yake alikaa mlangoni akisikiliza redio, asijue kama mwanawe alipanda au hakupanda. Ikiwa meli kubwa ya bandarini yaweza kuwapoteza watu hivi, dau litokalo usiku kwenye bandari bubu litamhesabia nani?

Tena tumfikiri nahodha. Msafiri akitaka kuvuka kwa siri, yeye hutoa fedha kidogo, akashuka mchangani, akaenda zake. Chombo ni cha nahodha. Mabaharia ni wana wa jirani. Wakikamatwa, chombo huzuiliwa, na nyumba yake hulala njaa. Asemaye, "Mimi najitia hatarini mwenyewe tu," hasemi kweli. Apitaye njia ya siri hupita juu ya mgongo wa mtu maskini.

NJIA WALIYOPITA WALIOTULETEA INJILI

Labda msomaji mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya watalii na wachuuzi. Lakini mjumbe wa Mungu hahitaji ruhusa ya mwanadamu." Basi tutazame jinsi Neno lilivyoingia katika mwambao huu.

Mwezi wa Januari mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Unguja. Hakukimbilia bara kwa siri. Alikwenda mbele ya Seyyid Said, akamweleza nia yake, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, kwamba wamtendee mema. Aliyeiandikisha barua hiyo alikuwa Mwislamu. Aliyeichukua alikuwa Mkristo. Na kisiwa alichokiendea nacho kilikuwa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina akafa huko kwa homa, akazikwa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf hakuondoka. Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafanya kazi Rabai pamoja. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kila mwalimu ashikaye kitabu cha Kiswahili leo ni mdeni wa mtu yule, naye aliingia kwa mlango.

Kadhalika Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikwisha kufika Unguja mwaka 1863. Na walipovuka mwaka 1868, pamoja na Padre Anton Horner, kuanzisha misioni, walivuka kwa ridhaa ya Sultani Majid. Katika mji ambamo watu walifungwa minyororo wapelekwe ng'ambo, misioni iliwapokea waliokombolewa, ikawapa mashamba na shule.

Natuangalie tofauti hiyo. Biashara ya watumwa nayo ilikuwa safari ya kwenda visiwani. Lakini yule aliyevukishwa hakuna aliyemwuliza kama apenda kwenda. Na mapatano ya tarehe 5 Juni 1873 yalipokataza kuwachukua watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Unguja, wale wafanya biashara hawakukoma mara moja. Waligeukia pwani zisizo na ulinzi na saa za giza. Katika historia ya mwambao wetu, wapenda giza hawakuwa wajumbe wa Injili. Walikuwa wale wachukuao watu.

Hata katika Agano la Kale twamwona Nehemia. Moyo wake uliwaka kwa ajili ya Yerusalemu, aliomba na kufunga. Na baada ya kuomba kwa Mungu, alimwomba mfalme barua za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Maombi na barua havikupigana ndani yake.

KISIWA KISICHOITIKA

Kiko kisiwa katika Ghuba ya Bengali kiitwacho North Sentinel, chini ya nchi ya India. Wenyeji wake ni wachache, huvua na kuwinda kwa pinde, wala hawataki wageni. Sheria ya India ya mwaka 1956 ya kuwalinda makabila ya visiwa vile yakataza watu kukaribia. Sababu yake si kiburi. Mwaka 1880 afisa mmoja wa Kiingereza, Maurice Vidal Portman, aliwachukua watu sita wa kisiwa hicho: wazee wawili na watoto wanne. Wote wakaugua upesi, wazee wakafa, watoto wakarudishwa na zawadi, na labda na ugonjwa pia. Jirani zao wa visiwa vikubwa vya Andaman waliokwisha kuzoeana na wageni walipungua kutoka maelfu hata wakabaki makumi tu, hasa kwa maradhi. Mafua ambayo mtoto wa Makurunge huyapata na kupona katika juma moja yaweza kumaliza kabila ambalo damu yao haijayajua.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 kijana mmoja Mmarekani, mwenye miaka 26, aliwalipa wavuvi wamfikishe huko gizani, akitaka kuwahubiri. Wenyeji walimwonya kwa mishale, akarudi. Akaenda tena, wakamwua. Wavuvi wale wakakamatwa. Hatusemi ya kuwa hakumpenda Mungu. Moyo wake Mungu anaujua. Lakini twaweza kusema kile ambacho kila mtoto wa pwani amefundishwa: hodi hupigwa mara tatu, na asipoitikiwa "karibu," mgeni hurudi zake. Haingii kwa nguvu, hata akiwa ameshika zawadi. Na mwaka 2025 Mmarekani mwingine alitua katika kisiwa kile kile bila ruhusa, hakuwa na neno la kuhubiri, ila aliacha kopo la soda na nazi mchangani; naye akakamatwa. Mmoja alikwenda kwa bidii ya dini, mwingine kwa kutaka kuona tu, na hatari waliyowapelekea wenyeji ilikuwa ile ile.

Hapa wengine wataikumbuka amri ya Bwana ya kuwaendea mataifa yote. Naam, ni amri. Lakini Bwana alipowatuma wanafunzi wake aliwaambia pia la kufanya mahali wasipopokelewa: waondoke, wakung'ute mavumbi. Hakuwafundisha kuvunja mlango.

MLANGO NA REHEMA

Ila neno moja limebaki, lisije likasahauliwa. Mtume Paulo alifika kisiwa cha Malta akiwa mahabusu, amevunjikiwa na meli, mwenye kulowa, hana barua ya mtu. Wenyeji hawakumwuliza kibali. Kulikuwa mvua na baridi, wakawasha moto. Sheria ya kisiwa ni kwa ajili ya yule achaguaye kwenda. Aliyetupwa na mawimbi ni wa moto na blanketi kwanza, na daftari baadaye. Jirani zetu wa Nungwi na wa mwambao wote walipotoka na ngalawa zao kuwaokoa watu mwaka ule wa 2011, walifanya kazi ya watu wa Malta.

Basi, waalimu na wazazi wapendao kuwachukua watoto visiwani, shikeni haya machache.

Kwanza, ulizeni habari za ada na vibali siku nyingi kabla ya safari, katika ofisi yenyewe wala si kwa mtu wa njiani, maana viwango hubadilika. Na waulizeni kama wanafunzi wanapunguziwa.

Pili, safirini kwa bandari iliyo na daftari. Hakikisheni jina la kila mtoto limeandikwa, na nakala iachwe kwa mchungaji au kwa mwalimu mkuu.

Tatu, mlipapo, daini stakabadhi. Asiyeitaka humfundisha mlinzi wizi.

Nne, watoto wasikanyage matumbawe, wasichukue kombe wala yai la kasa, na takataka zao zirudi nao mashuani.

Tano, mfikapo kijijini, mwendeeni kwanza mwenyekiti au mzee wa mahali. Msipige picha za watu kabla ya kuwaomba.

Sita, chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni, hata kama nauli imekwisha lipwa. Fedha hiyo ni hasara ndogo.

Watoto wakiuliza njiani kwa nini mambo haya yote ni mengi hivi, waambieni ya kuwa kisiwa ni nyumba ya watu, au ya kasa, au ya samaki wachanga. Nao wamekwisha kujua tangu utoto jinsi mtu mwenye adabu aingiavyo katika nyumba isiyo yake.